Anayevuta magari asilipwe kwa kila gari analolivuta

Mleta uzi

Wakuu, nina jambo nataka tulijadili kwa kina, maana kila likiguswa linaishia kwenye matusi kati ya wenye magari na wavutaji wa magari. Hoja yangu ni hii: mtu anayeamua gari livutwe kwa kosa la maegesho hapaswi kunufaika na pesa inayotokana na gari hilo. Sehemu kubwa ya kero tunazozisema mjini zinaanzia hapo. Vibao vilivyofunikwa na matawi havisafishwi, gari linanyakuliwa dakika chache baada ya muda kuisha, yadi yanakolazwa magari yaliyovutwa iko mwisho wa mji na dirisha la malipo linafungwa watu wakiwa bado kazini.

Kuvuta gari ni kazi ya kufungua njia. Gari limeziba lango la hospitali, limekaa kwenye kituo cha basi, limesimama mbele ya bomba la zimamoto, au liko kwenye kona kiasi kwamba lori haliwezi kukata: livutwe hapohapo, na mwenyewe alipe. Sina utetezi kwake. Lakini gari lililopaki ndani ya mistari na kupitisha muda uliolipiwa halimzuii mtu yeyote kupita. Kosa lake ni deni, na deni linadaiwa kwa karatasi ya faini. Ukilivuta, mwenye gari anapoteza siku nzima na pesa nyingi kuliko kosa lenyewe, wakati barabara haijapata nafuu yoyote, maana nafasi ile inajazwa na gari jingine kabla winchi halijafika mwisho wa mtaa.

Sasa tazameni mkataba unavyoandikwa. Miji mingi haina magari yake ya kuvuta, inatoa zabuni. Mshindi analipwa kwa kila gari, halafu kuna ada ya kulaza gari yadi, inayohesabiwa kwa siku. Mtu unayemlipa hivyo ataelekea wapi asubuhi? Hatakwenda kwenye kipilefti ambako lori limeharibika na kuziba njia mbili. Lori linataka mtambo mkubwa, watu wengi na saa kadhaa za kazi. Atakwenda mtaa wenye magari madogo yaliyopangwa vizuri, ayabebe moja baada ya jingine. Wala si lazima awe mtu mbaya, mkataba ndio uliomwelekeza huko. Ndiyo maana unakuta mji una wavutaji kila kona na barabara zake bado zimezibwa.

Ada ya kulaza nayo ina madhara yake. Gari likichelewa kutoka, yadi inapata zaidi. Sasa yadi hiyo itakuwa na haraka gani ya kukupigia simu na kukwambia gari lako liko kwao? Nilizunguka na ndugu yangu vituo vya polisi akiamini ameibiwa, akaandikisha kabisa maelezo ya wizi, kumbe gari lilikuwa yadi tangu mchana. Hakukuwa na mtu aliyepewa jukumu la kumjulisha. Alilipia na usiku ule ambao hakujua gari liko wapi. Hilo liliniuma kuliko faini yenyewe.

Na msiniambie haiwezekani kubadilika. Scotland, mwaka 1992, mahakama iliamua kwamba kulifunga gari la mtu mnyororo kwenye eneo binafsi ili alipe ndipo afunguliwe ni kosa la jinai. England na Wales zilifuata baadaye sana: tangu 1 Oktoba 2012 ni kosa kwa mwenye eneo binafsi au kampuni aliyoiajiri kufunga gari mnyororo au kulivuta bila mamlaka ya kisheria. Mwenye eneo amebaki na haki ya kudai malipo yake, ila anadai kwa maandishi, na gari linabaki mikononi mwa mwenyewe.

Karibuni, hasa mlio ndani ya kazi hii.

Dereva wa Basi

Mkuu, nakubaliana nawe kuhusu yadi na mkataba. Ila usiwalainishe sana wenye magari madogo.

Mimi naendesha basi refu. Mtu anasimamisha gari safu ya pili, anawasha taa za hazadi, anaingia dukani. Anaamini hazadi zimempa ruhusa. Nyuma yake niko mimi na watu waliojaa hadi mlangoni, na siwezi kumpita mpaka njia ya pili inihurumie. Nikipata upenyo, mtu mwingine keshachomekea. Akitoka dukani ananiangalia kama vile mimi ndiye ninayemsumbua kwa honi. Dakika mbili zake ni dakika mbili za kila mtu aliye ndani ya basi, na za kila basi lililo nyuma yangu. Kwa mtu huyo karatasi ya faini haisaidii kitu. Nataka njia ifunguke sasa hivi, na hakuna kinachoifungua isipokuwa winchi.

Jingine ni watu wasiogusika. New York iliwahi kuwa na madeni ya faini za magari ya wanadiplomasia, zaidi ya karatasi 150,000 ambazo hazikulipwa kati ya mwishoni mwa 1997 na mwishoni mwa 2002, jumla ikiwa zaidi ya dola milioni 18. Kinga ya kidiplomasia ilimaanisha hakuna wa kuwalazimisha. Mwaka 2002 jiji likapewa nguvu ya kuwavua namba za kidiplomasia wenye madeni, na makosa yakaanguka kwa karibu asilimia 98. Walikuwa watu walewale, kwenye mitaa ileile. Sheria iliyo na meno inafanya kazi hata kwa mkubwa, lakini huku tuliko wengi wetu, gari lenye namba fulani linaachwa na la nyuma yake linabebwa.

Mleta uzi

Ndugu, hatupingani. Huyo wa safu ya pili ndiye ninayetaka avutwe. Kwa sasa havutwi, kwa sababu mvutaji akifika, mwenye gari anatokea mbio na kuondoka. Hapo mvutaji hajapata kitu. La mtu aliye ofisini mpaka jioni ni pesa ya uhakika. Mlipe mvutaji mshahara kwa zamu, umpime kwa njia za basi alizozifungua, utaona ataanza kukufuata wewe.

Fundi Gia

Naomba niongelee kitu ambacho watu hawakioni mpaka wiki kadhaa zimepita: namna gari linavyovutwa.

Kwenye gari la gia otomatiki, pampu inayosukuma oili ndani ya gia boksi inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imesimama. Sasa mvutaji mwenye haraka akiinua upande usiofaa, akaacha chini matairi yale yanayopokea nguvu ya injini, matairi hayo yanazungusha vyuma ndani ya gia boksi bila oili mpya kupita. Joto linapanda, vyuma vinasagana. Gari utalichukua yadi linatembea vizuri, halafu siku moja gia zinaanza kuchelewa kuingia, na ukichomoa kijiti cha oili unakuta harufu ya kuungua. Ukirudi yadi, wanakwambia liliondoka zima.

Gari linaloendeshwa na matairi ya mbele linyanyuliwe mbele. Linalosukumwa na ya nyuma linyanyuliwe nyuma. Linalotumia matairi yote manne wakati wote libebwe zima, matairi yote yakiwa juu. La umeme nalo libebwe zima, maana matairi yakizunguka yanazungusha mota, na mota inaanza kuzalisha umeme wakati mfumo haujajiandaa kuupokea. Kitabu cha gari karibu kila mara kinaeleza namna ya kulivuta. Mvutaji wa mtaani hajakifungua.

Halafu hendibreki. Magari mengi ya sasa yana hendibreki ya umeme, na mwenyewe hayupo kuifungua. Wanachofanya wengine ni kuinua mbele na kuburuza nyuma, matairi yakiwa yamefungwa. Lami inakula tairi sehemu moja mpaka panakuwa bapa. Ukianza kuendesha, gari linatikisika na kutoa mlio unaojirudia kadiri mwendo unavyoongezeka. Nimepokea gereji magari ya namna hii, mwenyewe anadhani ni beringi.

Vifaa vya kufanya kazi hii vizuri vipo, vya magurudumu madogo ya kuweka chini ya matairi yaliyofungwa, na magari ya kubeba gari zima. Tatizo ni kwamba yanachukua muda, na mvutaji anayelipwa kwa idadi hataki kupoteza muda. Kwa hiyo, mleta uzi, mkataba wako umefika mpaka kwenye gia boksi.

Natumia Kiti cha Magurudumu

Nimesoma yote na naona watu wa kwenye magari wanazungumza wenyewe kwa wenyewe.

Gari likipanda njia ya waenda kwa miguu, mwenye miguu anashuka barabarani hatua tatu na kurudi. Mimi sishuki. Ukingo ni mrefu, hakuna mteremko, kwa hiyo narudi nyuma hadi pale nilipopandia, naingia barabarani, napita katikati ya magari huku dereva ananipigia honi nimpishe. Mama anayesukuma mtoto anapita njia hiyohiyo. Mzee asiyeona, mwenye fimbo, anajua gari lipo pale anapojigonga nalo.

Na nafasi zilizochorwa alama yetu zimewekwa karibu na mlango na zikafanywa pana ili mlango wa gari ufunguke wote na kiti kishuke. Mtu akipaki nusu yake tu, nafasi yote imekufa. Anasema "nilikuwa naondoka sasa hivi". Mimi sijui ataondoka lini, na siwezi kushuka nikamwulize.

Mleta uzi ameorodhesha magari yanayostahili kuvutwa. Hayo mawili hakuyataja. Yaingizwe, na yawe juu ya orodha, maana gari lililoziba basi linachelewesha watu, lakini haya yanawafungia nje kabisa.

Mleta uzi

Dada au kaka, umesema kweli, na nayaingiza juu kama ulivyotaka. Njia ya miguu na nafasi ya mlemavu ni kuvuta bila kusubiri, iwe mchana au usiku.

Msambaza Mizigo

Kuna upande wa sisi tunaoshusha mizigo. Duka linataka bidhaa, barabara haina sehemu ya kushushia, au ipo lakini imejaa magari ya watu waliokwenda kunywa chai. Nikizunguka mara ya tatu nimeshakula muda wa wateja wawili wanaonisubiri. Nitasimama popote. Kampuni kubwa zinaweka faini kwenye hesabu ya gharama za mwezi na kuendelea. Mwenye kigari kimoja hana hesabu hiyo, faini inatoka kwenye mfuko wa dereva.

Watuchoree sehemu za kushushia mizigo kila mtaa wa maduka, ziwe za kushushia tu kwa saa zilizoandikwa, baadaye ziachiwe wengine. Gharama yake ni rangi na kibao. Na hapo hapo, atakayepaki humo saa za mizigo avutwe.

Mpanga Barabara

Nimefanya kazi ya mipango ya usafiri, naomba niunganishe maegesho na foleni, kwa sababu watu wanadhani ni mambo mawili.

Mita ya kwanza ya maegesho iliwekwa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935, senti 5 kwa saa. Wenye maduka ndio waliokuwa wakilalamika: watu wanaofanya kazi mjini wanafika asubuhi, wanapaki mbele ya maduka bure, na wanaondoka jioni, wateja hawana pa kusimama. Carl Magee akaja na mita ili magari yabadilishane nafasi. Kukusanya mapato halikuwa kusudio kuu. Miji mingi imesahau sababu hiyo na kubakiza mita.

Marehemu Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025, alikusanya tafiti 16 za katikati ya miji, zilizofanywa kati ya 1927 na 2001. Kwa wastani, asilimia 30 ya magari yaliyokuwa barabarani yalikuwa yanatafuta pa kupaki, kila moja kwa kama dakika 8. Yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba tafiti hizo zilifanyika mahali ambako shida ilikuwa tayari inajulikana, kwa hiyo si kila mtaa uko hivyo. Hata hivyo fikirini: sehemu ya foleni unayoilaani ni watu waliokwisha kufika, wanazunguka tu. Dawa aliyoipigania ni kupanga bei kwa saa na kwa mtaa ili kila safu ibaki na nafasi moja au mbili wazi. Bei ikizidi nafasi zinabaki tupu, ikipungua watu wanazunguka.

Na huyu wa kuchomekea anayesemwa hapo juu ana madhara kuliko anavyojua. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya jaribio la madereva 22 waliowekwa kwenye duara la mita 230 na kuambiwa waende mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na mataa, makutano wala ajali. Baada ya muda magari yakaanza kusimama, na msimamo ule ukasafiri kurudi nyuma kutoka gari moja hadi jingine. Kila dereva alipunguza mwendo zaidi kidogo kuliko wa mbele yake, basi. Sasa chukua barabara iliyojaa, mtu mmoja atanue pembeni kisha achomekee mbele. Anayekanyaga breki kwa ajili yake anawasimamisha watu walio mbali nyuma, ambao hawatamwona kamwe.

Fundi Bomba

Mtaalamu, kupanda kwa bei ni rahisi kwa mwenye nazo. Mimi gari langu limejaa mabomba na spana, siwezi kuja na basi. Ukipandisha bei katikati ya mji, tajiri atalipa na kupaki siku nzima, mimi nitasukumwa nje. Na bei nayo itapelekwa kwa kampuni binafsi, tutarudi kwenye hoja ya mleta uzi.

Mpanga Barabara

Hofu yako ina msingi. Jibu la sehemu ya kwanza: bei inayobadilika inakulinda wewe kuliko inavyomlinda yeye. Wewe unakaa saa moja au mbili kwa mteja na kuondoka. Anayeumia ni anayekaa kutwa. Leo bei yako halisi ni muda unaozunguka, na huo hauuzwi. Sehemu ya pili ni pesa inakokwenda. Ikirudi mtaani kwa njia za miguu, taa na mabasi, watu wanaivumilia. Stockholm walijaribu kutoza magari yanayoingia katikati ya mji kuanzia Januari hadi Julai 2006. Magari yanayovuka mpaka wa eneo hilo yakapungua kwa takriban asilimia 20, na jaribio lilipokoma mengi yakarudi. Wakazi wa jiji waliokuwa wakipinga wakaona tofauti kwa macho, wakapiga kura ya kukubali Septemba mwaka huohuo, na tozo ikarejeshwa kwa kudumu 2007. Walionyeshwa kwanza, wakaulizwa baadaye.

Mleta uzi

Na kuhusu kupeleka kwa kampuni binafsi, Fundi Bomba, mfano upo. Desemba 2008 baraza la jiji la Chicago liliidhinisha kukodisha mita zake za maegesho, kama 36,000, kwa miaka 75, kwa takriban dola bilioni 1.15. Mkaguzi mkuu wa jiji alisema mwaka uliofuata kwamba jiji lilipokea pungufu kwa karibu dola bilioni moja ya thamani ya kile lilichotoa. Kinachonisikitisha zaidi ni kipengele cha fidia: jiji likifunga nafasi za maegesho kwa muda mrefu, liwe linataka njia ya basi au ya baiskeli, linamlipa mwekezaji. Yaani Dereva wa Basi akiomba njia yake kule, ombi lake linakuja na ankara ya mtu aliyenunua ukingo wa barabara kabla yake, na hali itakuwa hiyo kwa miongo mingi ijayo. Bei sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni kuuza uamuzi.

Dereva wa Basi

Hapo nimekuelewa vizuri. Mkataba wa winchi na mkataba wa mita ni kitu kimoja.

Mgeni wa Mji

Samahani kuwakatisha. Gari langu limevutwa leo, ninalifuata kesho asubuhi. Wanasema nisaini fomu kwanza ndipo nilione. Nisaini?

Fundi Gia

Usisaini kabla hujaliona. Mwambie wa dirishani kwa utulivu kwamba unataka kulikagua mbele yake, na kama kuna afisa wa serikali pale mwombe asimame nawe. Piga picha pande zote nne kabla halijasogezwa, na namba ya gari ionekane. Inama uangalie chini ya bampa sehemu waliyofunga ndoano, halafu tairi za nyuma, upitishe kiganja uone kama kuna sehemu bapa. Tazama sakafuni kama kuna oili. Fungua gari uhakiki vitu vyako. Wakikataa kabisa usilione, andika kwenye fomu yenyewe, juu ya sahihi yako, "nimesaini kabla ya kuonyeshwa gari", weka tarehe na saa, na upige picha fomu hiyo kabla hujairudisha. Risiti ionyeshe saa waliyolivuta na mahali walipolitoa. Ukishaondoka, endesha taratibu mtaa mmoja au miwili, zima redio, usikilize gia zinavyoingia, kisha uje hapa utuambie umesikia nini. Kama ni otomatiki, taja aina ya gari na uniambie walinyanyua upande gani.

Mgeni wa Mji

Ni otomatiki, ya matairi ya mbele. Mlinzi wa jengo jirani anasema walinyanyua nyuma.

Fundi Gia

Basi usiliwashe kesho na kuondoka nalo. Lipa, kisha likodie gari la kubeba zima hadi kwa fundi unayemwamini, oili ya gia ikaguliwe kabla halijatembea hata kidogo. Na huyo mlinzi mwombe akuandikie alichokiona leo hii, kabla hajabadilishwa zamu.